Usimjenge Mtu kwa Sampuli Moja



Mpendwa kijana mwenzangu, leo tafakari yetu inatoka mahali ambapo huenda hukutegemea: kwenye kompyuta ya mpiga kinanda. Ninyi mnaotengeneza muziki nyumbani, na ninyi mnaopigia kwaya parokiani, kazi hii mnaijua. Unachukua sauti halisi, unairekodi, unaiingiza kwenye sinthesaiza ya kompyuta, halafu unaipiga kwa vitufe kana kwamba una chombo chenyewe mkononi. Msioijua kazi hiyo msiondoke, nitaieleza polepole. Wala sikuja kufundisha ufundi tu. Nataka tuiangalie dhambi moja tunayoitenda karibu kila siku tukiwa na simu mkononi, na mara nyingi hata hatuiiti dhambi.

Neno la kutuongoza: Yn 11:16; Yn 14:5; Yn 20:24-29. Kama Biblia iko karibu, soma sehemu zote tatu kabla hujaendelea. Tafadhali usisome ya tatu peke yake. Utaona kwa nini.

Sauti inaingizwaje?

Tuseme kwaya yenu inataka sauti ya marimba ya Wagogo, ile inayochezwa kwa vidole gumba, lakini mpigaji anakaa mbali na hawezi kuja kila Jumapili. Mnamfuata siku moja na maikrofoni. Anagusa ulimi mmoja wa marimba, sauti inalia sekunde mbili, inafifia. Kompyuta haiihifadhi sauti hiyo kama sisi tunavyoikumbuka. Inaipima. Kwa kiwango kilichozoeleka tangu enzi za CD, inaipima mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo kinapewa nafasi moja kati ya ngazi 65,536 za ukubwa. Vipimo hivyo vyote vikipangwa kwenye faili, ndiyo tunapata sampuli ya sauti.

Sasa unafungua programu. Zipo za bure kabisa, kama LMMS, au Polyphone kwa wanaotaka kuunda chombo kizima cha SoundFont. Unaingiza faili lako. Jambo la kwanza ambalo programu inahitaji kulijua ni hili: sauti hii ni nota gani? Hiyo ndiyo nota ya msingi. Katika lugha ya MIDI nota zina namba kuanzia 0 mpaka 127, na do ya kati ni namba 60. Ukisema sampuli yako ni 60, programu itahesabu nota nyingine zote kutoka hapo.

Na hapa ndipo penye maajabu. Ulirekodi mguso mmoja, lakini sasa unaweza kupiga wimbo mzima! Ukibonyeza kitufe kilicho oktava moja juu, programu inalisoma faili lilelile kwa mwendo mara mbili. Ukienda oktava moja chini, inalisoma kwa nusu ya mwendo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kule Australia, Peter Vogel na mwenzake Kim Ryrie walikuwa wanahangaika kuunda sauti za vyombo kwa hesabu tupu. Vogel akarekodi kipande kifupi cha piano kutoka redioni, cha sekunde moja hivi, akakipiga katika nota mbalimbali. Kikasikika kama piano kuliko yote waliyokuwa wamehangaika kuyaunda. Mwaka 1979 wakatoa mashine yao, Fairlight CMI, na muziki wa dunia ukabadilika.

Lakini kila mpiga kinanda anajua tatizo lake. Sampuli moja haibebi kinanda kizima. Karibu na nota yake ya msingi inasikika vizuri. Ukipanda juu sana, inakuwa kama sauti ya panya, na inakwisha upesi kwa sababu faili linasomwa haraka. Ukishuka chini sana, inakuwa nzito, inajikokota, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ni sauti ileile, hakuna aliyeidanganya. Ila imevutwa mpaka mahali ambapo haikuwahi kuwepo.

Tunavyowafanyia watu

Sasa tuje kwetu.

Nikiwa kwenye mwaka wa uchungaji katika parokia fulani nilimkuta kijana mmoja mwenye sauti nzuri sana ya tena. Alikuwa na miaka 22. Siku moja kwenye harusi alikunywa kupita kiasi, akawa anayumba akijaribu kucheza. Mtu akamchukua video. Sekunde kumi na nne tu! Kabla ya asubuhi klipu ile ilikuwa imefika kwenye grupu la kwaya, grupu la vijana wa parokia, na kwenye stetasi za watu ambao hata hawakualikwa harusini. Wakampa jina, wakamwita Yumbayumba.

Naomba uangalie kilichofuata. Akichelewa mazoezi dakika tano: "Yumbayumba atakuwa bado yuko baa." Akikosea nota, watu wanatazamana na kucheka. Siku alipougua malaria na macho yakawa mekundu, watu wakakonyezana. Akitoa wazo kwenye kikao, hakuna anayelijadili wazo lake, wanaijadili harusi. Kila kitufe cha maisha yake ukikibonyeza, inalia sauti ileile ya zile sekunde kumi na nne.

Kijana wa miaka 22 ameishi sekunde zaidi ya milioni 690. Sisi tukachukua kumi na nne, tukaziingiza, tukazitandaza kuanzia nota 0 mpaka 127, tukasema: huyu ndiye yeye.

Na nani alikuwa anawahi kupanga viti vya kwaya kila Jumamosi? Ni yeye. Nani alimpeleka mzee wa sauti ya nne hospitali usiku kwa pikipiki ya kuazima? Ni yeye. Hayo hayakurekodiwa, kwa hiyo kwenye kinanda chetu hayakuwemo.

Aliacha kwaya. Nilipoondoka parokiani pale alikuwa anasali Misa ya kwanza, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kabla watu hawajatoka yeye ameshaondoka.

Lakini si ni kweli?

Najua mtu atasema: "Frateri, lakini si ni kweli alilewa? Video ipo!" Ndiyo, ni kweli, na ndiyo maana jambo hili ni zito kuliko tunavyodhani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatenganisha makosa matatu dhidi ya jina la mtu. Lipo la kumhukumu mtu haraka, yaani kuliamini baya lake moyoni bila msingi wa kutosha. Lipo la kumsingizia, yaani kusema uongo unaomharibia jina. Na katikati yake lipo la kufichua kosa la mtu kwa watu wasiolijua, pasipo sababu ya haki. Angalia vizuri hilo la katikati. Kosa linalofichuliwa ni la kweli! Wala Kanisa halisemi kwamba kwa kuwa ni kweli basi endelea kusambaza. Ukweli nao una mahali pake, una wakati wake, na una watu unaowahusu.

Hapa niruhusuni kidogo nirudi kwenye falsafa, maana nimeisoma miaka kadhaa na leo imepata kazi. Aristotle anatoa mfano wa pete na nta. Ukiikandamiza pete ya dhahabu juu ya nta laini, nta inapokea umbo la pete, lakini dhahabu haiingii. Yeye alikuwa anaeleza jinsi hisi zetu zinavyopokea vitu. Mimi nikitazama faili la sauti naona jambo hilohilo. Faili limepokea umbo la sauti ya marimba, lakini marimba yenyewe haimo, wala kidole cha mpigaji hakimo, wala mpigaji. Klipu nayo ni hivyo. Umbo la dakika ya mtu limeingia kwenye simu yako. Mtu mwenyewe hajaingia. Machozi yake ya asubuhi iliyofuata hayamo kwenye faili.

Nani anachagua nota ya msingi?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anarudia mara nyingi kanuni moja: kinachopokelewa hupokelewa kwa namna ya yule anayekipokea. Mpiga kinanda anaielewa hii hata bila kwenda seminari. Sampuli inaweza kuwa safi kabisa, lakini ukiiambia programu kwamba ni re wakati ni do, kila utakachopiga kitatoka toni moja pembeni. Utamlaumu aliyerekodi, utalaumu maikrofoni. Kumbe tatizo ni wewe uliyepokea na kuipa namba isiyo yake.

Ndugu yangu, moyo wako umewapa watu nota gani ya msingi? Ukiwa na kinyongo na mtu, salamu yake unaisikia kama dharau, ukimya wake unausikia kama kiburi, na akikusaidia unasema anajipendekeza. Yeye hajabadilika kitu. Namba uliyompa ndiyo si yake.

Ndiyo maana Katekisimu hiyohiyo, namba 2478, inatuelekeza tujitahidi kuyapokea maneno na matendo ya jirani kwa tafsiri njema kadiri inavyowezekana. Na tukiwa hatuelewi, tumuulize mwenyewe. Kumuuliza mwenyewe! Ni lini mara ya mwisho ulimpigia simu mtu ukamuuliza, "Ndugu, nimeona kitu hiki, hebu niambie kulikoni?" Kufowadi kunachukua sekunde moja. Kuuliza kunahitaji upendo.

Kuna na jambo la makelele. Marimba ile ya Kigogo ina mvumo fulani unaosindikiza kila mguso, kama nyuki wanaolia kwa mbali. Mtu asiyeijua akiisikia kwenye spika zake atadhani ni uchafu wa rekodi, ataipitisha kwenye programu ya kufuta makelele, na atabaki na sauti safi ambayo Mgogo hawezi kuitambua. Kumbe mvumo ule ni sehemu ya chombo. Basi na watu tuwe waangalifu. Yule anayecheka kwa sauti kubwa, yule asiyeongea, yule anayeuliza maswali magumu kwenye kila semina, usiwe na haraka ya kumfuta. Huenda Mungu aliuweka mvumo ule makusudi.

Tomaso wa sampuli tatu

Sasa turudi kwenye masomo. Ukimuuliza Mkristo yeyote, "Tomaso ni nani?" atakujibu mara moja: ni yule asiyeamini. Karibu miaka elfu mbili tumemwingiza Mtume mzima kwa sampuli moja! Mtu akiwa na mashaka tunamwambia, "Wewe ni Tomaso."

Lakini Yohane Mwinjili ametuachia zaidi ya hiyo. Katika sura ya 11, Yesu anataka kurudi Uyahudi kwa ajili ya Lazaro. Wanafunzi wanaogopa, maana si muda mrefu tangu watu wa huko walipotaka kumpiga mawe. Nani anasimama na kuwaambia wenzake waende pamoja na Bwana, hata kama ni kufa naye? Ni Tomaso. Petro hasemi kitu hapo, ni Tomaso anayesema. Hiyo ni sauti ya nguvu.

Katika sura ya 14, usiku wa karamu ya mwisho, Yesu anasema wanaijua njia aendako. Huenda wengine nao hawakuelewa, ila walinyamaza. Tomaso ndiye anayekiri kwamba hawajui aendako, basi wataijuaje njia? Kwa swali hilo la unyofu tulipata jibu ambalo tunalikumbuka wote, kwamba Yesu mwenyewe ndiye njia, na kweli, na uzima. Hiyo ni sauti ya upole, ya mtu asiyejifanya anajua.

Ndipo tunafika sura ya 20. Anakataa kuamini mpaka aone na kugusa. Hiyo nayo ni kweli, Injili haikuificha. Lakini haikuishia hapo. Baada ya siku nane Bwana anakuja, anamwonyesha madonda, na kinywa kilekile kilichokataa kinamkiri Yesu kuwa Bwana wake na Mungu wake. Mapokeo yanatuambia alikwenda kuihubiri Injili mpaka India, na Wakristo wa Kerala hadi leo wanamhesabu kuwa baba yao katika imani.

Mafundi wa sauti wana dawa ya sampuli moja iliyovutwa. Wanarekodi chombo katika nota nyingi, kila baada ya nusu toni tatu au nne, na katika kila nota wanarekodi mguso wa taratibu, wa wastani, na wa nguvu. Ni kazi ndefu na ya kuchosha. Lakini ukija kupiga, chombo kinakuwa na uhai. Yohane amemfanyia Tomaso hivyohivyo: siku ya ujasiri, siku ya kutojua, siku ya mashaka, siku ya kuabudu.

Na kuna kitu kidogo ambacho huwa tunakiruka. Zile siku nane Tomaso alikuwa wapi? Injili inasema Yesu alipokuja tena, wanafunzi walikuwamo ndani na Tomaso alikuwa pamoja nao. Siku nane wenzake wanaamini, yeye hataki kuamini, na bado yumo ndani ya nyumba. Hawakumtoa. Wala hatusomi popote kwamba walimpa jina. Jiulize: kama wangemfukuza siku ya pili, Yesu angemkuta wapi siku ya nane?

Lile benchi la mwisho karibu na mlango, ndugu zangu, linatuhusu sisi.

Na wewe unayejirudia mwenyewe

Najua yupo anayesoma hapa ambaye hajamfanyia mtu mwingine hivi. Amejifanyia mwenyewe. Kuna jambo ulilitenda, labda miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo ndilo nota yako ya msingi. Ukitaka kuingia kwaya linalia. Ukitaka kuanza uchumba linalia. Ukifikiria wito, linalia kuliko yote.

Kwenye programu za sauti kuna kitu kinaitwa lupu. Unaweka alama mbili ndani ya sampuli, na kipande kilicho katikati kinajirudia bila kukoma muda wote kitufe kinapokuwa kimebonyezwa. Na alama zikiwekwa vibaya, kila mzunguko unatoa mlio mkali, ta, ta, ta. Hatia isiyopelekwa kwa Mungu ndivyo ilivyo. Ni kipande kifupi, kinajirudia, na kila kinapozunguka kinachoma.

Unatokaje humo? Inua kidole! Nenda Kitubio. Pale hupeleki klipu, unakwenda mwenyewe, mzima. Unalitaja kosa kwa jina lake, na Padre amefungwa kwa siri ambayo hawezi kuivunja hata kwa gharama ya maisha yake. Mwanadamu anakujua kwa sekunde kumi na nne. Mungu, kama anavyoimba mzaburi katika Zaburi ya 139, anajua kukaa kwako na kuinuka kwako, na alikuona hata kabla hujazaliwa. Kosa lako Yeye analijua. Ila hajakujenga juu ya kosa lako.

Tuelewane katika jambo moja. Kukataa kumhukumu mtu kwa sampuli moja si kuficha uovu. Kama kuna mtu anaumizwa, kama mtoto anadhulumiwa, kama kuna wizi, lipeleke kwa wanaohusika: wazazi, paroko, polisi. Huo ni wajibu. Mwathirika asiambiwe anyamaze kwa jina la huruma. Tofauti ni kwamba anayetafuta haki anapeleka jambo kwa anayeweza kulitatua, na msengenyaji analipeleka kwa anayeweza kucheka.

Kazi ya wiki hii

Moja: fungua simu yako. Kama kuna klipu au skrinishoti ya kumwaibisha mtu, ifute. Usimtumie rafiki kwanza ndipo ufute.

Mbili: mchague mtu mmoja ambaye unamjua kwa jambo moja baya tu. Tafuta sampuli nyingine mbili za maisha yake. Kaa naye, muulize habari za nyumbani, msikilize siku ya furaha na siku ya uchovu.

Tatu: kama kuna aliyeacha kwaya au jumuiya kwa sababu ya midomo yetu, mfuate. Usimtumie ujumbe. Nenda kwa miguu yako. Na kama ulishiriki kumchafua, msamaha wa maneno tu hautoshi. Rudi kwenye grupu lilelile ukaseme mema yake unayoyajua, maana jina la mtu nalo ni mali yake, na kilichochukuliwa hurudishwa.

Tusali: Bwana Yesu, ulimrudia Tomaso ingawa wengine wote walikuwa wameshaamini. Utupe masikio yako, tuwasikie wenzetu katika nota zote za maisha yao. Zuia vidole vyetu visisambaze aibu ya mtu. Walioondoka kwa sababu yetu, warudishe, na ukiwarudisha utukute tumewaachia nafasi. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Tomaso Mtume, utuombee.

Mungu akubariki. Ndugu yenu katika Kristo, Frateri.